Mwanachama: Kiungo au Mwana?

Lugha huhifadhi hukumu ambazo wasemaji wake wamekwisha kuzisahau. Waarabu humwita mtu aliyejiunga na jumuiya udhwu, yaani kiungo cha mwili. Waingereza nao, kwa neno walilolirithi kutoka Kilatini, humwita kiungo vilevile. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Kilimwita mwanachama, mwana wa chama. Ni kweli kwamba katika maneno kama mwanamaji na mwanasiasa, mwana imekuwa alama tu ya kumtaja mtu wa fani, na anayeyatamka hafikirii uzazi. Lakini neno likisikilizwa kwa utulivu hutoa swali. Kiungo kina kazi: mkono hushika, mguu hutembea, na kiungo kilichooza hukatwa ili mwili upone. Mwana hupewa kabla ya kutoa. Hulelewa hajaweza lolote, na hata akipotea, wapo wanaohesabu siku. Je, anayejiunga na chama huwa kiungo, au huwa mwana? Na chama kinadaiwa nini na mtu ambaye hana tena la kukifaa?

Swali ni la kale, lakini tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita limepata uwanja mpya ambao wapenzi wengi wa fasihi hawakuuzoea: michezo ya kompyuta inayochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Ndani ya michezo hiyo mna nchi zenye milima na miji, mna masoko na vita, na kila mchezaji ana mhusika wake aliyempa jina, sura na silaha. Jua la nchi hizo huchomoza na kutua hata wakati mchezaji amelala. Na kwa kuwa majoka yake hayauliki kwa mkono wa mtu mmoja, wachezaji hujikusanya katika vyama. Kwa Kiingereza vyama hivyo vimepewa jina la jumuiya za mafundi wa Ulaya ya zama za kati, wale waashi na wafumaji waliokuwa na wakuu wao, wanagenzi wao, sanduku lao la pamoja na kanuni zao za kumpokea mtu na kumfukuza. Jina linafaa, kwani yote hayo yamo pia humu. Tofauti kubwa ni moja: wanachama wa huku aghlabu hawajapata kuonana uso kwa uso.

Taratibu za vyama hivi zastahili kuelezwa, maana swali letu limejificha ndani yake. Katika Ultima Online, mchezo uliotoka mwaka 1997, chama kilikuwa na jiwe lake lililowekwa nyumbani, na kila mwanachama aliweza kutangaza utiifu wake kwa mwenzake yeyote. Aliyetangaziwa na wengi ndiye aliyekuwa mkuu. Katika World of Warcraft, mchezo wa kampuni ya Blizzard ya Marekani uliotoka Novemba 2004, mwenye kutaka kuanzisha chama hununua hati kwa karani wa mjini, huzunguka akiomba saini, kisha huirejesha hati na chama kikazaliwa. Tangu hapo muasisi ndiye mkuu. Yeye hupanga vyeo, huamua nani aweza kualika wageni, nani aweza kusema katika baraza la wakubwa, na, tangu hazina ya pamoja ilipoongezwa mwaka 2007, nani aweza kutoa kiasi gani kwa siku. Yeye, au aliyemkasimia madaraka, aweza pia kumwondoa mwanachama kwa kitendo kimoja. Hapana shauri wala rufaa. Aliyeondolewa husoma mstari mmoja wa maandishi, na jina la chama lililokuwa likielea chini ya jina lake hutoweka.

Mfumo wenyewe, basi, humjua mtu kama kiungo. Humjua kwa cheo na kwa ruhusa alizopewa. Wachezaji wakaongeza hesabu yao juu yake. Katika miaka ya mwanzo, majoka makubwa ya World of Warcraft yalihitaji watu 40 kwa safari moja, kila mmoja na kazi yake: wachache wa kupokea mapigo, wengine wa kuwatibu hao, na waliobaki wa kushambulia. Adui akianguka huacha ngawira kidogo, vitu vichache tu kwa umma mzima huo. Nani apewe? Vyama vya EverQuest, mchezo uliotangulia mwaka 1999, vilikwisha kubuni jawabu: alama za kuua joka. Mtu akihudhuria hupata alama, na ngawira inapotoka huzitumia alama zake kama sarafu. Daftari hilo halikutoka kwa kampuni yenye mchezo. Wachezaji walilitunga wenyewe, wakalijaza wenyewe, wakaligombania wenyewe.

Ni rahisi kulicheka daftari la namna hiyo, lakini lina uadilifu wake. Pasipo daftari, ngawira huelekea kwa rafiki wa mkuu, au kwa mwenye sauti kubwa. Palipo daftari mnyonge hana haja ya kujipendekeza: aliyekuja usiku baada ya usiku, akawatibu wenzake bila ya kusifiwa, ana haki iliyoandikwa na isiyopingika. Walakini daftari lina upofu mmoja. Linajua nani alikuwapo. Halijui kwa nini fulani hakuwapo. Aliyechoshwa na mchezo, aliyefiwa na mzazi, na aliyelazwa hospitali, wote watatu hupata sifuri, na sifuri zao zinafanana.

Januari 2007 upofu huo ulipewa mtihani. Kampuni ilipanua mchezo wake, na katika nchi mpya safari kubwa zikawa za watu 25 badala ya 40, na safari ya kwanza kabisa ikawa ya watu 10 tu. Chama kilichokuwa kimejijenga kwa miaka miwili juu ya hesabu ya 40 kikajikuta na viti pungufu. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyeasi. Viti tu vilipungua. Mbele ya wakuu zilikuwapo njia kadhaa. Wangeweza kufungua daftari na kukata kuanzia chini. Wangeweza kupokezana, leo huyu kesho yule, na kukubali kwamba chama kitachelewa nyuma ya washindani wake. Wangeweza kugawana na kuwa vyama viwili. Kila njia ilikuwa jawabu la swali la kiungo na mwana, ijapokuwa waliochagua hawakuliuliza kwa maneno hayo. Mwenye kukata alisema: tulikuwa mwili, na mwili umepewa nguo ndogo. Mwenye kupokezana alisema: tulikuwa nyumba, na katika nyumba chakula kikipungua haondolewi mtoto, hupunguzwa tonge.

Aristotle, alipoandika juu ya urafiki, aliugawa katika mafungu matatu: urafiki wa manufaa, urafiki wa raha, na urafiki wa watu wema wanaopendana kwa ajili ya utu wao. Mafungu mawili ya mwanzo, alisema, huvunjika mara tu manufaa au raha inapokoma, kwa sababu kilichopendwa hakikuwa mtu bali kile alichokileta. La tatu hudumu, lakini huhitaji muda. Akakumbusha msemo wa watu wa zama zake kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wawe wamekula pamoja ile chumvi inayotajwa. Mswahili hapo husimama kidogo, kwani kwake yeye kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Misemo miwili, wa Myunani na wa pwani, yakutana mahali pamoja: chumvi ni wakati. Swali linalobaki ni kama wakati peke yake watosha, pasipo sahani.

Wapo wanaosema hautoshi, na hoja zao si dhaifu. Mwaka 2006 Nicolas Ducheneaut na watafiti wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya World of Warcraft, wakaonesha kwamba wachezaji wengi hucheza peke yao katikati ya watu. Wenzao huwa watazamaji na mandhari kuliko kuwa washirika. Isitoshe, mlango wa kutokea ni mwepesi mno. Mtu aliyezaliwa kijijini hubaki na jirani asiyempenda kwa sababu hana pa kwenda. Mchezaji akiudhiwa hubonyeza kitufe, na kesho ana jina jingine katika chama kingine. Undugu usiogharimu kuuvunja, husema wapingaji, ni undugu wa karatasi.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi lau pasingekuwapo na khiyana. Jambo hili laonekana wazi katika EVE Online, mchezo wa kampuni ya CCP ya Iceland ulioanza mwaka 2003, ambamo wachezaji husafiri baina ya nyota kwa merikebu za angani. Sheria zake huruhusu udanganyifu na wizi baina ya wachezaji, na kwa hiyo vyama vyake vimejizungushia kuta. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi ya vyama vingi kumtaka mwombaji akabidhi ufunguo wa siri wa kumbukumbu zake, ili wasome barua zake za ndani ya mchezo na mapato na matumizi yake kabla ya kumfungulia. Pamoja na hayo yote, Februari 2009 muungano uliokuwa miongoni mwa yenye nguvu kuliko yote, Band of Brothers, ulivunjika pasi na vita. Mmoja wa wakuu wake, mwenye funguo zote, aliwaendea maadui. Kwa mamlaka aliyopewa na wenzake akaviondoa vyama vilivyouunda muungano huo, akaufunga. Na maadui wakalichukua jina lake lilipokuwa wazi, hata wenyewe wasiweze kulirudia. Hakuvunja kanuni yoyote ya mchezo. Alitumia haki yake.

Walioathirika hawakusema kwamba wameshindwa. Walisema kwamba wamesalitiwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo jawabu kwa wapingaji. Mwizi wa njiani huiba, hasaliti, kwa sababu hakukabidhiwa kitu. Pasipo amana hapana khiyana. Ikiwa chama cha mtandaoni chaweza kusalitiwa, basi ndani yake mlikuwa na kitu cha kweli kilichowekwa mikononi mwa mtu, ijapokuwa merikebu zenyewe ni mwanga juu ya kioo. Uongo hauwezi kujeruhiwa.

Tukio jingine laonesha kwamba kanuni na wema si kitu kimoja. Mwaka 2006 mchezaji mmoja wa World of Warcraft alifariki dunia, na wenzake wakapanga kumfanyia maziko ndani ya mchezo, katika bonde la theluji la Winterspring, mahali palipohusiana na kumbukumbu yake. Wahusika wao walijipanga mstari kutoa heshima ya mwisho, hawakuwa tayari kwa vita. Chama cha upande wa adui, Serenity Now, kikawavamia, kikawaua wote, kikarikodi picha za uvamizi huo na kuzieneza. Utetezi wake ulikuwa mwepesi: seva ile ni ya vita, uwanja ule ni wa kugombaniwa, na hakuna kanuni iliyokatazwa. Yote hayo ni kweli. Lakini ubishani uliofuata umedumu miaka mingi kwa sababu hakuna aliyeweza kuzima hisia kwamba kulikuwa na mpaka pale, usioandikwa na kampuni yoyote. Mfumo hauna neno la mfiwa, mtu analo. Aliyejua kwamba wale ni wafiwa, kisha akajificha nyuma ya mfumo usiojua, alichagua kuwa mdogo kuliko alivyo.

Linabaki suala la majina. Itawezekanaje undugu baina ya watu wasiojuana majina waliyopewa na wazazi wao? Msomaji wa pwani ana sababu ya kutolikuza mno suala hili. Huko Basra, katika karne ya 10, palikuwapo na jumuiya ya wanafalsafa iliyojiita Ikhwan al-Safa, ndugu wa usafi wa moyo. Waliandika rasaili zaidi ya 50 za hisabati, muziki, nyota na roho, wala hawakuweka majina yao. Lakini msomaji wao walimwita ndugu. Jina lao hilo ndilo lililochukuliwa Zanzibar mwaka 1905 na chama cha taarabu cha Akhwan Safaa. Na vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanzia miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hata Tanganyika, vilikuwa na wafalme, majemadari na makapteni wa kuazima, wenye sare za kuiga. Marini na Arinoti walishindana kwa ngoma na mavazi kana kwamba ni majeshi mawili. Mgeni aliyewatazama angedhani ni mzaha mtupu. Lakini jemadari wa kuazima alipofiwa, michango iliyomfikia haikuwa ya kuazima. Cheo cha mchezo kimewahi kubeba wajibu wa kweli, na pwani inalijua hilo tangu zamani.

Yote hayo yalikutana katika maisha ya kijana mmoja wa Norwe, Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli mwaka baada ya mwaka. Alikuwa akitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na hatimaye uwezo wa mikono yake ulibaki katika vidole. Alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho ndani ya World of Warcraft, na wazazi wake, waliompenda na kumtunza, waliona mlango uliofungwa na mwanga wa kioo. Waliamini kwamba mtoto wao anaondoka duniani bila ya kumjua rafiki wala kumfaa mtu. Alifariki Novemba 2014, naye ana miaka 25. Mats alikuwa amewaachia neno la siri la ukurasa wake wa maandishi. Baba yake, Robert Steen, akaandika humo habari ya msiba na kuacha anwani. Barua zikaanza kuja, kutoka nchi moja baada ya nyingine.

Barua hizo zilimzungumzia mtu aliyeitwa Ibelin, mtu wa chama cha Starlight. Chama hicho kilikuwa na taratibu za kuingia: mtu alihitaji kupendekezwa na aliye ndani, kisha kukaa kipindi cha majaribio. Humo Ibelin alikimbia kila siku njia zake, akawasikiliza walioachwa na wapenzi wao, akawapatanisha waliogombana. Filamu ya Benjamin Ree iliyotoka mwaka 2024 imesimulia jinsi alivyomshauri mama mmoja acheze pamoja na mwanawe, kijana mwenye usonji aliyeona tabu kukumbatiwa. Mama na mwana wakakumbatiana kwanza ndani ya mchezo. Wanachama wa Starlight walisafiri kutoka nchi kadhaa za Ulaya kuhudhuria maziko, na bendera ya chama ikawekwa juu ya jeneza. Wenzake wameendelea kukusanyika ndani ya mchezo katika siku za kumkumbuka. Huko hakuna alama wanazoandikiwa kwa mahudhurio hayo.

Mats aliwaficha wengi wa wenzake ugonjwa wake kwa miaka mingi. Alikwepa kuzungumza nao kwa sauti au kwa picha. Je, naye aliwadanganya, kama yule wa EVE? Wote wawili walikuwa na jina la kuazima, na wote wawili walikuwa na siri. Lakini mmoja alificha hali yake na mwingine alificha nia yake. Pwani ina neno kwa jambo la kwanza: sitara. Mwenye kusitiri umasikini wake akampokea mgeni kwa uso mkunjufu hamwambii mgeni uongo. Anachompa, yaani ukunjufu, ni wake kweli. Ibelin alipomsikiliza mtu, sikio lilikuwa la Mats. Yule wa EVE alipowaita wenzake ndugu, ndugu zake walikuwa kwingine. Jina la kuazima si uongo maadamu nia si ya kuazima.

Hapa hukumu iliyotolewa mwanzoni dhidi ya kiungo haina budi kusahihishwa. Ilionekana kwamba kuwa kiungo ni jambo duni na kuwa mwana ni jambo tukufu. Lakini Mats nyumbani kwao alikuwa mwana kwa kila hali: alipendwa, alitunzwa, alihudumiwa. Alichokikosa ni kuwa kiungo. Hapakuwapo na kazi iliyomsubiri yeye, wala mtu aliyesema usiku huu bila yako haiwezekani. Kwa mtu ambaye viungo vyake vilikuwa vikimwacha kimoja kimoja, kuhitajiwa na wengine lilikuwa jina la uhai. Anayepewa daima bila ya kutakiwa kutoa, hata akipewa kwa mapenzi, huanza kujiona mgeni. Daftari la alama, pamoja na upofu wake, lina heshima hii: humwambia mtu kwamba mchango wake una uzito na utaandikwa.

Kwa hiyo kosa la vyama si kuhesabu. Kosa ni kuishia katika kuhesabu. Mtu huingia chamani kupitia kazi, na ni vyema iwe hivyo, kwani hakuna awezaye kumpenda asiyemjua, na watu hujuana wakifanya jambo. Lakini kazi ni mlango. Anayepita mlangoni usiku baada ya usiku hufika siku ambayo wenzake hawamsubiri tena kwa sababu ya kutibu au kushambulia, wanamsubiri yeye. Siku hiyo haina tangazo wala cheo chake. Hujulikana tu siku asipokuja. Mfumo nao una hisia ya kutokuja: katika World of Warcraft, mkuu asipoonekana kwa muda uliowekwa, mwingine aweza kukichukua cheo chake. Huko kutokuwapo ni kiti kitupu kinachotaka kujazwa. Kwa wenzake ni mtu anayetafutwa.

Nao wepesi wa kutoka, uliotajwa na wapingaji, una upande wake wa pili. Asiyeweza kuondoka hana sifa kubwa kwa kubaki. Anayeweza kuondoka kila usiku kwa kubonyeza kitufe, na kila usiku akabaki na watu wale wale, mwenye ulimi mkali na mwenye kuchelewa, ameahidi tena bila ya kusema. Udhaifu wa kweli wa vyama hivi uko kwingine: ardhi si yao. Januari 2023, makubaliano ya Blizzard na kampuni ya NetEase yalipomalizika pasipo kufanywa upya, World of Warcraft ilifungwa China nzima, na vyama vya huko vikapoteza mahali pa kukutania mpaka mchezo uliporejeshwa mwaka 2024. Chama kilichokuwa orodha ndani ya seva kilitoweka pamoja na seva. Waliokuwa wamepeana anwani walikuwa na pa kutafutana.

Kuna mafunzo humu kwa kila mwenye kuasisi chama, kiwe cha kuua majoka, cha kukopeshana, au cha kutunga mashairi. Muasisi hukaa kitako akapanga mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Akaandika ada, masharti ya kuingia na sababu za kufukuzwa. Yote hayo ni ya kiungo, na yote yanahitajika. Ni nadra katiba yoyote kumtaja mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: fulani yuko wapi? Mabaraza ya mitaani, yale ya mawe mbele ya nyumba, hayana katiba wala daftari. Wala hakuna aliyepata kupewa kadi ya kuyakalia. Lakini mzee akikosekana mahali pake jioni mbili mfululizo, ya tatu mmoja huinuka akaenda kubisha hodi. Anayebisha hakutumwa na mtu, na akifika mlangoni hana haja ya kujieleza.